Bei Kubwa kwa Maandishi Madogo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimewapiku wote! Bango kwenye duka la Rufus, hapa mtaani kwetu Langoni: friza, shilingi 18,500. Tarakimu kubwa kama mlango. Jirani yangu Mwalimu Mugambi, mtu wa Meru, alinunua ileile mwezi uliopita kwa 27,000, na tangu hapo hatupumui kwa habari za barafu yake. Nimelipiga picha lile bango nikamtumia, aumie roho. Mke wangu Shifaa anataka friza ya kuuzia barafu na maji ya ukwaju. Amenipa 18,500 kamili, zimefungwa kwenye pindo la leso. Kwenye baraza nimetangaza kwamba kesho watu watajua nani anajua kununua.

Jumanne, 7 Oktoba

Kumbe chini ya bango kuna maandishi. Madogo mno! Sisimizi angehitaji miwani. Yanasema 18,500 ni bei baada ya kurudishiwa. Kwanza unalipa 27,000 kaunta, unakata kipande chenye mistari na nambari kwenye katoni, unakituma Nairobi, unasubiri. Mwenye akili angerudi nyumbani. Lakini mimi nimeshatangaza! Nikafungua kibweta cha Shifaa, nikachukua 8,500 alizoweka za safari ya Jumamosi. Mpwa wake anaolewa Kizingitini, na Shifaa ndiye somo, kungwi wa bibi harusi. Rufus kanihakikishia pesa hurudi haraka. Basi nitazirudisha kabla hajagundua.

Friza imefika. Katoni nimeisimamisha dakani, nje ya mlango, ili kila apitaye aone picha ya friza. Mugambi kapita. Kaona. Kanuna. Raha iliyoje!

Jumatano, 8 Oktoba

Punda kala katoni. Yote! Hapa mjini, punda wanakozurura, hata mtoto wa miaka mitatu anajua katoni haiachwi nje. Nimemfukuza yule punda mpaka forodhani, nikamnyang'anya kipande alichobakisha mdomoni. Kina picha ya kuku aliyegandishwa. Mistari, hakuna. Nimepiga simu Nairobi. Mama mmoja mwenye sauti tamu kaniambia bila mistari hakuna pesa, na hata ikiwepo ni wiki nane. Wiki nane, na harusi ni Jumamosi hii!

Alhamisi, 9 Oktoba

Hila mpya. Mugambi si mtu wa kutupa kitu, katoni yake ipo, anawekea mayai. Nimemwendea na sahani ya halwa. Kakubali kunikatia ile mistari, kwa sharti nikiri mbele ya baraza zima kwamba barafu yake ni ngumu kuliko yangu. Nimekiri. Watu wamecheka mpaka wakafuta machozi. Nikakimbia kwa Rufus. Kalinganisha nambari na risiti yangu, hazifanani. Heshima imekwenda, na halwa imeliwa.

Niliporudi, Shifaa alikuwa amekaa na kibweta wazi mapajani. Nimesema yote, na punda pia. Nilijitayarishia kelele. Hakupiga. Kauliza tu, polepole:

"Babake Obeid, mpwa wangu yuwaningoja. Nitamwambiaje?"

Nimeona haya, wallahi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Alhamdulillahi, mara elfu! Asubuhi Shifaa kavaa buibui, kaenda moja kwa moja kwa Bi Chelangat, afisa wa biashara, ambaye jana tu alinunua barafu kwetu. Mimi nyuma, na risiti. Bi Chelangat kaeleza bila haraka kwamba sheria inamlinda mnunuzi asipotoshwe na tangazo. Huwezi kuandika 18,500 kwa tarakimu za dhiraa nzima, halafu pesa anayotoa mtu kaunta ukaificha miguuni. Kauliza kama tuna ushahidi. Kwenye simu yangu, kwa uerevu wangu, nilikuwa nimeshafuta picha ili Shifaa asiione. Nani kaitunza? Mugambi! Nikampigia; tulipofika kwa Rufus pamoja na afisa, kaja mwenyewe mpaka dukani, na simu juu. Rufus kaitazama picha, kamtazama afisa, kafungua droo.

Zote 8,500, mkononi mwa Shifaa. Kapiga kigelegele mle mle dukani. Nimemkumbatia Mugambi kabla sijajizuia.

Jumapili, 12 Oktoba

Shifaa yuko Kizingitini tangu jana alfajiri. Kanitumia sauti kwa simu: vigelegele, ngoma, bibi harusi anacheka kwa raha. Nimefurahi mpaka nikacheza peke yangu sebuleni. Kaniachia friza na pesa za matumizi ya mwezi, na ameniomba nitulie.

Jioni nikapita kwa Rufus kumjulia hali. Hana kinyongo, maskini. Kabandika bango jipya, la kiungwana, herufi zote kipimo kimoja: mashine ya kukata nyasi, lipa 14,000 hapa, utarudishiwa 5,000 baada ya wiki nane, kwa masharti saba yafuatayo. Nimeyasoma yote saba. Kwa sauti. Nimeyaelewa. Hakuna hata moja lililofichwa! Mtu akikwambia ukweli kiasi hicho, utamkataliaje?

Mashine iko sebuleni, pesa za mwezi ziko kwa Rufus. Nyekundu, inang'aa. Mtaa wetu ni mawe matupu, hilo nalijua. Kesho naanza kutafuta mtu mwenye nyasi.