Kibwebwe na Sukari Yangu

Jumanne, 2 Septemba 2025
Sukari imepanda! Nesi Ndeshi, asiyejua kucheka, kanipa hadi tarehe thelathini. Isiposhuka, naanza vidonge vya kila siku. Kashauri nikimbie. Mimi? Kilo mia na nne, na joto hili la Arlington, huku Marekani? Nimeogopa hadi nikasahau nilikoegesha gari. Nikiwa bado nalitafuta, wazo! Ngoma ya kwetu Bukoba! Nani alichoka kucheza harusini? Nitaanzisha darasa la kina mama wanene wenzangu. Mwalimu: mimi, Prudensia.

Jumamosi, 6 Septemba
Wamekuja wawili. Mmoja alikuwa anatafuta chumba cha kufulia.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeng'amua! Kwetu hakuna ngoma bila chakula. Nimetangaza kwenye kundi la WhatsApp: ngoma, na chapati za moto.

Jumamosi, 13 Septemba
Kumi na saba! Ukumbi wa apatimenti umejaa, khanga viunoni, vigelegele. Nimefurahi! Tatizo ni Clothilde, Mkongo wa Fort Worth, mji wa jirani. Nimeingia jikoni kugeuza chapati, mara moja tu, kurudi namkuta mbele, anawafundisha kukata kiuno kwa mtindo wa kwao Bukavu. Wakaniomba nimwache aendelee. Haya. Nikarudi jikoni, nikala tatu kwa hasira.

Jumamosi, 20 Septemba
Vibwebwe vimelegea! Fanny, mmoja wa wanafunzi wangu, kazungusha khanga, ncha zikabaki za kufunga mara mbili. Mwenzake Josiane hivyo hivyo. Yangu haikukutana. Nikasema imenywea kwenye mashine ya kufulia. Clothilde akanitazama, akasema taratibu, “Mama Pruda, wewe unachezaka ngoma yako mu cuisine.” Yaani jikoni!

Wakacheka wote. Nimeumia, sifichi. Chapati ikaungua. Nikaila hivyo hivyo.

Jumanne, 30 Septemba
Imepanda zaidi! Ndeshi kauliza baada ya mazoezi nakula nini. Nikamweleza. Akavua miwani, akaandika vidonge. Nikampigia Fanny kumuuliza mbona wao wanapungua. Kumbe wenzangu wote chapati zao huwapelekea waume! Nimelia kidogo garini.

Halafu kosa nikaliona, wazi kabisa! Tunakula baada ya ngoma, chakula kinabaki mwilini bila kazi. Nimeshatuma ujumbe kwenye kundi. Kuanzia Jumamosi, tunakula kwanza.