Uso Wangu kwenye Kompyuta ya Maziwa

Jumatatu, 2 Juni 2003
Nina miaka sabini na sita. Nimemwona Mwingereza akiondoka, foleni za sabuni zikiisha na wenyeviti watatu wa Chama cha Maziwa wakizikwa. Wa nne ni mimi. Nilisoma hadi darasa la pili, likanitosha.

Wafadhili wametuletea kompyuta hapa ofisini Elerai. Karani wetu Nashipae ameshaingiza maziwa yote ya Mei. Leo kaiwasha tuone. Yakatokea majina, kila jina na picha yake. Elirehema, mweka hazina, kapewa pikipiki. Mimi mwenyekiti nimepewa bata! Bata wa manjano, wa kuchezea watoto! Nashipae akasema, shikamoo babu, mashine imechagua yenyewe. Elirehema akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama nimeshataga.

Uchaguzi ni Jumamosi. Yeye anakitaka kiti changu. Nani atampigia bata kura?

Jumanne, 3 Juni
Nimekwenda studio mjini. Koti, kofia, fimbo. Nikamwambia mpiga picha uso ujae, asiache nafasi. Vijana wa intaneti wakauingiza kwenye disketi.

Nashipae akaniweka pale pa bata. Mdogo kama punje ya maharage! Nikaagiza kioo kizima cha kompyuta. Nikaenea kioo kizima. Mke wangu Namnyaki akaja kutazama, akauliza mbona nimekasirika. Nikamwambia hayo ndiyo madaraka.

Jumatano, 4 Juni
Aibu. Vile vipicha vya kufungulia kazi vimekaa usoni mwangu kama vipele. Faili la maziwa liko juu ya jicho la kushoto. Nashipae alipotaka kulifungua akachukua kimshale, akanidonoa jicho. Mara mbili! Eti mara moja haifungui. Mtoto wa jirani yangu Sakaya huyu, ambaye kila asubuhi huniinamishia kichwa nikiguse! Elirehema naye akaomba ajaribu. Akanidonoa pua. Akasema, pole mwenyekiti, natafuta kikokotoo.

Nikaamuru vipele viondoke. Nashipae akasema atavisogeza pembeni. Pembeni ni masikio yangu! Akasema kimoja ni maziwa yenyewe, si picha tu. Nikamwambia maziwa yako kwenye tangi, nimeyaona.

Alhamisi, 5 Juni
Nashipae kaenda posta. Nikakaa mwenyewe. Nikaviburuta vile vipele kimoja kimoja hadi kwenye pipa la taka, lililo kidevuni. Likajaa. Mzee mzima na taka kidevuni? Nikalimwaga. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Mimi! Nikabonyeza ndiyo.

Uso safi. Nimejitazama mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 7 Juni
Uchaguzi. Wanachama wakataka kwanza kuona lita zao. Nashipae akawasha. Uso wangu. Wakangoja. Uso. Mzee Tajeu akauliza maziwa yake yako wapi. Nashipae akalitazama pipa, akanitazama mimi, akakaa chini.

Elirehema akasimama. Akasema, ndugu zangu, maziwa ya Mei yameliwa na huo uso mnaouona. Wakautazama uso, wakanigeukia mimi. Tunafanana sana.

Nimepata kura moja. Niliipiga vizuri.

Jumatatu, 9 Juni
Mwenyekiti Elirehema kaamuru uso wangu utolewe. Sasa kioo kinaonyesha kilima cha majani mabichi, mbingu ya buluu, mawingu machache. Wanachama wanakisifu, wanaulizana ni wapi. Nashipae anasema kilikuja na mashine kutoka Ulaya.

Ulaya! Mimi nilikitambua palepale. Ni malisho yangu, magharibi ya Meru. Wazungu hupita pale wakielekea mlimani, wakapiga picha bila hodi. Kwa hiyo Elirehema kaondoa uso wangu, kaweka shamba langu. Kila akiwasha, yuko kwangu. Nimeshinda!

Kesho Nashipae aniweke pale katikati ya kilima, nimesimama, na ng'ombe wangu sita. Wakubwa.

Shahidi wa haya yote ni Namnyaki, aliyechunga pale tangu aolewe. Ukimuuliza atasema hapajui. Muulize tena mimi nikiwepo.