Chaja Ambayo Jenereta Litaikulia

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Chaja nimepata! Kubwa kuliko zote dukani. Nimeibeba mwenyewe hadi nyumbani, tena kwa njia ndefu ili watu waione.

Niandike sababu, maana siku moja watu watauliza. Zahanati inatafuta boti ya kupeleka chanjo vijiji vya ng'ambo ya ziwa. Nesi Mkuu anataka boti inayoweza kutia nanga kutwa, injini imezimwa, na friji ya chanjo isizimike hata kwa kufumba na kufumbua. Yetu ina betri za kuendesha friji. Betri zikipungua, jenereta dogo linazijaza kupitia chaja. Chaja ya zamani imekufa. Kapteni akanituma nikanunue ya ampea thelathini.

Kapteni ni mwanangu. Wa pekee. Ana cheti cha ufundi. Darasani alikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo tunajua.

Nimenunua ya sitini.

Mwenye duka aliuliza jenereta letu lina nguvu kiasi gani. Nikamwambia hayo hayamhusu. Akasema mama, jenereta dogo halitaiweza hii. Nikamweleza jinsi nilivyomlea mwanangu. Viatu vya darasa la kwanza alivivaa mpaka la nne, mbele tumejaza magazeti. Sare hivyohivyo. Sweta hivyohivyo. Vyote alivikulia! Basi na jenereta nalo litaikulia chaja. Mwenye duka akanitazama, akaanza kunifungia mzigo. Nilimshinda kwa hoja.

Tukiikosa kazi hii Kapteni anaondoka. Kampuni ya meli kubwa inamtaka, mji wa mbali, jibu ni Jumanne ijayo. Kule mtu anarudi kwao mara moja kwa mwaka. Mimi nimemwambia nenda mwanangu, katafute maisha. Kisha nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kapteni amepeleka abiria ng'ambo kwa boti ya kukodi. Nafasi nzuri ya kumfanyia jambo la kumshangaza. Nikashuka gatini, nikaunganisha chaja peke yangu. Nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Mtoto kapata wapi akili? Kwangu.

Nikavuta kamba ya jenereta. Likawaka vizuri. Nikawasha chaja. Jenereta likaguna, likatetemeka, likatoa taa nyekundu. Kimya.

Nikavuta tena. Likaguna. Kimya.

Labda lina haya, nikaligeuzia mgongo kidogo. Haikusaidia.

Wifi alikuwa anatazama. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Naye ana boti, naye anaitaka kazi ya zahanati. Watu humwita Bi Honi, maana boti yake haiondoki gatini bila kuamsha wagonjwa. Akaniuliza kwa upole kama ninasaga nafaka humo ndani, maana anasikia kinu. Nikamjibu kwa upole zaidi kwamba tunafanya majaribio ya kitaalamu. Akasema aah, wifi yangu, kumbe mtaalamu! Wavuvi wakacheka. Nimewaandika majina kichwani.

Ili asiendelee kuona, nikaliingiza jenereta ndani ya kibanda cha boti na kufunga mlango. Nilikuwa navuta kamba mara ya tatu Kapteni aliporudi. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alilitoa nje kwa mikono miwili. Akasema mama, moshi wa kitu hiki unaua mtu huku amekaa tu, wala hasikii chochote. Likiwaka, likae nje kwenye upepo.

Ananipenda sana. Nimetembea gati lote nikitafuta mtu wa kumwambia.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kapteni amenieleza tatizo. Anaeleza vizuri, angekuwa mwalimu, yule mtoto wa mwalimu angekoma. Anasema betri zikiwa na njaa, chaja inavuta umeme kwa nguvu zake zote. Hii yangu ikivuta yote, inataka zaidi ya uwezo wa jenereta. Jenereta likiona linaelemewa, linajizima lisiungue. Tena usisome ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa jenereta, anasema, ile ni nguvu ya dakika chache tu. Ya kutwa ni ndogo yake.

Nikasema basi jenereta ni vivu.

Akasema mama, rudisha chaja dukani.

Hapo pana kikwazo. Duka halipokei kitu bila boksi lake, na boksi nimeliweka juu ya kabati la sebuleni, upande wenye picha ukitazama mlango. Wageni wote wamelisifu. Nimelibandika kwa gundi lisianguke. Kapteni akalitazama boksi, akanitazama mimi, akaenda kuoga.

Akiwa bafuni simu yake ikalia. Watu wa meli. Sikuipokea. Niliifunika tu na mto.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nina mpango! Kama jenereta ni dogo, dawa ni jenereta kubwa. Nimeazima lile la mwenye ukumbi wa harusi, linalowasha taa zote na spika juu. Nilimwahidi kwamba harusi ya Kapteni itafanyika kwake. Kapteni hana mchumba, lakini ukumbi nao ni mwanzo.

Wanaume wa gatini walilibeba kwa miti, kama wanabeba bibi harusi mnene. Wakalitua botini. Boti ikainama. Ikainama tena. Maji yakachungulia ndani.

Bi Honi akapaza sauti kutoka kwake: wifi, boti yako imelala ubavu, inaumwa au inasoma gazeti? Nikamwambia inapumzika, si kama boti nyingine zisizojua heshima. Nilikuwa nimeshikilia kamba wakati nasema hayo, na maji yako kwenye vidole.

Kapteni akaja mbio. Jenereta limerudi ukumbini. Ahadi ya harusi imebaki.

Jioni alikaa na kikombe chake mkononi, akasema labda aende tu kwenye meli, mama. Alisema polepole. Nikasema chai inapoa. Yake ilikuwa imeshakwisha.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mwanangu ana akili jamani! Amekaa na chaja magotini asubuhi nzima. Nyuma yake, chini ya kifuniko, pana kitufe cha kupunguza. Akaishusha hadi thelathini. Akawasha jenereta. Likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Halikuzima! Betri zimejaa kabla ya jua kuzama. Anasema siri ni kuchaji kwa nguvu ndogo, mapema na kwa muda mrefu.

Nilimkumbatia mbele ya watu wote. Akaona aibu. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, bado ana haya nzuri.

Ila kitu kimoja kinanikera. Chaja ina kioo kidogo mbele chenye namba, na sasa kinaonyesha 30. Sitini mzima, anakaa kama nusu mtu! Mtu mwenye kilo zake hujionyesha.

Kapteni akaniambia mama, kile kitufe usikiguse. Nikasema nisikiguse kwa nini. Akasema nakujua tu, mama.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku ya ukaguzi. Jana usiku Kapteni aliiacha friji iwake moja kwa moja kwa majaribio, kwa hiyo betri zilikuwa zimepungua, na leo jenereta lilikuwa linazijaza mbele ya macho ya watu. Nilivaa gauni langu la sherehe. Nesi Mkuu alikuja na kipimajoto chake, mwanamke asiyecheka bila sababu. Alianzia kwa Bi Honi.

Nikatazama kioo. 30. Nikatazama kwa Bi Honi. Nesi Mkuu alikuwa anakuja.

Sijui mkono ulifikaje kwenye kifuniko.

60! Ilipendeza kama nini! Kisha jenereta likaguna, taa nyekundu, kimya. Nesi Mkuu alikuwa ameshaweka mguu mmoja botini. Kapteni akanigeukia. Nilijitia naangalia ndege.

Nikajua nimemsindikiza mwanangu melini kwa mkono wangu mwenyewe.

Nesi Mkuu akauliza kulikoni. Kapteni hakudanganya, sijamlea hivyo. Akasema chaja imezidishwa, jenereta limejikinga. Lakini tafadhali sikiliza friji. Tukasikiliza. Friji ilikuwa inavuma. Friji inakula betri, akasema, jenereta kazi yake ni kuzijaza tu, likizima friji haina habari. Nesi Mkuu akaweka kipimajoto chake ndani. Baridi ileile. Kapteni akarudisha kitufe, akavuta kamba, likanguruma.

Nesi Mkuu akasema kule kwenye boti ya kwanza friji imechomekwa moja kwa moja kwenye jenereta. Bi Honi alizima aongeze petroli, na friji nayo ikazima. Kisha akaandika kitu. Akasema anataka kapteni ambaye kitu kikizima anajua kwa nini, tena anasema ukweli kabla ya kuulizwa mara mbili.

Tumepata kazi! Akaniuliza, mama Kapteni, nani alizidisha chaja? Nikamwambia mimi, kwa makusudi, ili aone.

Bi Honi alinipa hongera. Ilimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. Halafu akaniuliza kile kitufe kiko wapi hasa.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Kapteni amewapigia watu wa meli. Nilikuwa nyuma ya mlango, nafuta vumbi pale pale mpaka rangi ikang'aa. Akawashukuru sana. Akasema ana kazi nyumbani. Nikaenda jikoni. Vitunguu tena.

Baadaye nikaenda mjini kumnunulia sare ya ukapteni, nyeupe, mabega yana mistari. Ameivaa. Mikono ya shati inafunika vidole na kofia inakaa juu ya masikio kwa neema ya Mungu. Akasema mama, mimi sikui tena. Nikamwambia hivyohivyo ulisema darasa la kwanza.

Huko mjini nilipitia pia kwa mwenye duka la chaja. Nimemwambia aniwekee ya ampea mia. Hii ya sitini naona karibu italibana jenereta.