Ua la Mama na Mkia wa Faili

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeiokoa familia. Bado haijui, lakini itajua.

Mashine ya kutarizi ya Dada imekata roho asubuhi, katikati ya kola ya mteja. Mpya imeletwa mchana. Inang'aa, ina kioo cha kugusa, na haisomi faili hata moja la ile ya zamani. Msiba, maana ua la Mama liko humo. Mama alilibuni mwenyewe kabla macho hayajamwishia nguvu, na kila bibi harusi wa nyumba yetu hulivaa kwenye shela lake. Mchoro wa karatasi uliliwa na mchwa. Shela la Dada limefuliwa hadi ua lote limekuwa rangi moja, kama chai ya jana. Na mpwa wangu, binti wa Dada, anaolewa Jumamosi.

Nikamwambia Dada atulie, kubadilisha faili ni kazi yangu. Kusema kweli kazi yangu ni kuchapa barua za watu kwenye meza iliyo mlangoni mwa duka lake, palipo na jua na vumbi. Lakini kompyuta ni kompyuta. Ua likitoka, nitaomba meza ihamie ndani.

Siri ya faili ni mkia, zile herufi zinazofuata nukta. Mashine ya zamani ina mkia wake, mpya ina wake. Nimefuta ule, nimeandika huu. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nina uhakika.

Jumanne, 5 Agosti

Mashine ilikubali jina, ikaanza kushona. Nikapiga kifua mapema. Sindano ilichoma pale pale, pale pale, mpaka kikatokea kitu kama nungunungu aliyekanyagwa. Bahati kilikuwa kitambaa cha majaribio. Nikaeleza kuwa mashine bado ina ugeni. Dada akakichomoa kile kitambaa, akanitupia mapajani.

Fundi kompyuta wa duka la pili, huyu tunayemwita Miwani, akachungulia bila kuitwa. Akauliza nimebadilisha faili au nimebadilisha jina tu. Eti ukitia mchele kwenye gunia lililoandikwa sukari, chai haitakuwa tamu. Wateja wakacheka. Mama naye akacheka kwenye kiti chake, na huyo ni mama yangu mzazi.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya, ya kisayansi. Ipo programu inayogeuza picha kuwa mishono. Nikalitandaza shela la Dada mezani, nikalipiga picha, nikailisha kompyuta. Safari hii mashine ilishona kwa utiifu mkubwa. Ilishona ukingo wa meza. Ilishona kikombe. Ilishona kidole changu gumba kilichokuwa kimeshika pembe ya shela, na kilitoka vizuri, hata kucha inaonekana. Ua lilikuwa doa tu.

Mpwa wangu alikitazama kwa muda. Akasema, Mjomba, mimi siwezi kuolewa na kidole. Nilidhani ananitania. Kisha akaingia chumba cha nyuma, nikamsikia analia taratibu, kama mtu asiyetaka bibi yake asikie. Imeniuma sana. Sijala vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Maji yamenifika shingoni. Nimebeba flashi yenye faili la ua hadi kwa Miwani. Nikasema ni ya rafiki yangu. Akauliza kama huyo rafiki ana dada mtarizi. Nikasema yawezekana.

Nilijiandaa kuchekwa, hakucheka. Alitoa kompyuta kuukuu chini ya meza, yenye programu ileile ya zamani, akalifungua ua huko lilikozaliwa. Hapo ndipo akalihifadhi upya kwa namna ambayo mashine zote mbili zinaielewa. Akaonya kuwa njia za sindano zimevuka salama, ila rangi zimebaki ng'ambo. Mashine itashona, itasimama, itangoja uzi, na uzi upi haitasema.

Nikamwambia hayo ni madogo. Nilipofika nje nikaona si madogo hata kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mashine ilisimama mara ya kwanza. Dada akashika nyuzi mkononi, hajui ipi. Mimi nikapendekeza tukisie. Dada akanitazama kwa jicho ambalo sitaliandika.

Mama akaomba kiti chake kisogezwe. Akapapasa mishono kwa vidole, akasema kijani, hilo ni shina. Mashine ikasimama tena, akapapasa, akasema damu ya mzee. Akaendelea hivyo, hakusita mahali. Kwenye jani moja la ua akasema manjano. Dada akauliza mbona moja tu. Mama akasema hilo ni la baba yenu, alikuwa anapenda manjano. Miaka yote hiyo hatukujua. Nikaenda kuchungulia waya za umeme, ambazo hazikuwa na tatizo.

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi! Mpwa wangu alipita kwanza kwa Mama, akampa pindo la shela alishike. Mama akalitafuta lile jani la manjano kwa kidole, akalipata. Watu wazima tulilia waziwazi.

Wageni wakauliza ua limeokolewaje. Nikasema faili lilikuwa gumu kidogo, lakini nililiweza. Miwani alikuwa meza ya jirani, akaendelea kula. Dada kwa furaha akatangaza kuwa meza yangu inahamia ndani, karibu na dirisha. Mama akasema mgema akisifiwa, akaishia hapo. Nadhani alikuwa anamsema Miwani.

Jumatatu, 11 Agosti

Niko dirishani. Upepo mwanana. Nimebandika tangazo: TUNABADILISHA FAILI LOLOTE. Kabla gundi haijakauka ameingia mwalimu wa kwaya. Nyimbo zake zote ziko kwenye kinanda cha zamani, na kinanda kipya hakizisomi. Wanaimba Jumapili. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi ya namna hii. Nikamwonyesha picha ya shela.

Kumsumbua Miwani sioni sababu. Nimeutazama mkia, wenyewe ni mfupi, herufi tatu tu. Nimefuta, nimeandika mwingine. Kompyuta imeuliza kama nina uhakika.

Nina uhakika.