Malalamiko Kuhusu Kimanda cha Kihispania Kilichokuwepo

Anselmo Alfredi,
Mkunya, Newala.

Kwa Bi. Somoe Khalfan,
Mwenye Mkahawa wa Tulizana,
Masasi Mjini.

YAH: KIMANDA CHA VIAZI CHA KIHISPANIA AMBACHO KILIKUWEPO

Bi. Somoe, pokea salamu zangu. Huku Mkunya wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa korosho na mtu wa kanisani, na sijawahi kumwandikia mtu malalamiko tangu ile barua ya mwaka juzi kuhusu mbuzi wa jirani. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita mkahawa wako ulinihudumia vizuri, na huduma hiyo imenipotezea mtoto.

Nieleze tangu mwanzo, usije ukadhani nimelewa. Dada yangu Paulina alifariki akaniachia binti yake, Veridiana, akiwa na miaka sita. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo neno nilikuwa nalo hata kabla ya msiba. Nikamlea. Sasa ni fundi wa kushona, cherehani yake iko barazani kwangu, na tangu asubuhi mpaka jua linapopoa inalia, huku yeye akibishana na redio yangu. Mwezi wa tano kijana wa Chiungutwa anayeitwa Vitalis, fundi pikipiki, akaleta barua ya posa. Chiungutwa, Bi. Somoe! Mpaka ushuke mlima! Na vijana wa siku hizi hawahamii tena kwa wake zao kama zamani. Wanachukua, wanaondoka.

Sikuwa na sababu ya kumkataa, na hilo ndilo lililoniudhi. Halewi, hana mke mafichoni, na kucha zake ni safi kuliko za mafundi wengi. Nikatafuta namna ya kumkataa bila kumkataa. Nikatamka mbele ya Veridiana na mbele ya katekista: Vitalis akinipeleka kwenye mkahawa wako na kunilisha chakula nitakachochagua mwenyewe, nimekubali posa. Akishindwa, arudi kwao na asionekane tena Mkunya hata kwa kuziba pancha.

Nakiri kwamba nilikuwa nimeshafanya uchunguzi. Wiki moja kabla nilishuka Masasi kununua salfa ya mikorosho, nikaingia kwako, nikasoma menyu yote, kurasa nne. Nikaulizia pilau ya kamba. Haipo. Supu ya uyoga. Haipo. Piza. Tanuri bovu. Kuku wa kuoka kwa asali. Labda kesho. Nikala wali maharage nikarudi nyumbani nina furaha, maana nilijua sasa kwamba menyu yako, kama menyu zote ninazozifahamu, ni mapambo. Jumamosi, Vitalis aliponileta, nisingeweza kuomba kimoja cha vile vinne, kwa sababu mhudumu wako Faidha angenikumbuka na kusema mbele ya Vitalis, si nilikuambia hakuna? Nikachagua cha ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kisicho hata na picha: Kimanda cha Viazi cha Kihispania. Nikaegemea kiti nikasubiri ushindi wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilikuwepo. Faidha hakwenda hata jikoni kuuliza. Alisema, "Kipo, baba," akaandika. Nikamuuliza mara tatu. Nikamtaka akahakikishe viazi. Vipo. Mayai? Yapo. Nikauliza kama Mhispania yupo. Akasema mpishi wenu, Awadhi, amepika miaka saba kwenye hoteli ya watalii Unguja na alifundishwa na Mhispania mwenyewe. Bi. Somoe, mtu anaandikaje kitu kwenye menyu halafu anakuwa nacho? Sisi wateja tunapanga maisha yetu kwa kuamini kwamba hakuna.

2. Hakikuwa chipsi mayai. Hii ilikuwa ngome yangu ya pili. Nilishajiandaa kwamba wakileta zege, yaani chipsi mayai ya kawaida, yenye jina la kigeni nitasimama na kutangaza kuwa nimedanganywa. Kikaja kitu cha duara, kinene kama mkate wa kumimina, viazi vyembamba vimelala humo tabaka kwa tabaka na vitunguu vimeyeyukia ndani. Nilikikagua pande zote. Nikaomba Awadhi atoke jikoni aape. Aliapa, kisha akanieleza jinsi anavyokipindua kwa kukifunika sahani, kwa heshima kubwa hata nikashindwa kugomba.

3. Kilikuwa kitamu. Hapa sina la kuongeza.

4. Kilichukua dakika arobaini. Hili ndilo kubwa. Chipsi mayai ni dakika kumi, huna nafasi ya kumjua mtu. Nilijitahidi kukaa kimya. Nikatazama barabarani. Nikahesabu pikipiki. Dakika ya kumi na mbili, kwa uchovu tu, nikataja kwamba mashine yangu ya kupulizia salfa inazimika ikishapata moto. Akauliza kama inazimika ghafla au inakohoa kwanza. Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile. Tukaendelea hivyo, na sasa najua kwamba mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, kwamba alilelewa na mjomba wake, na kwamba mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kushika spana. Habari hizi sikuziomba. Ukishazijua huwezi tena kumwangalia kijana kama mwizi wa kuku, na mimi nimezijua kwa sababu jiko lako linapika taratibu.

5. Kililetwa kizima kwenye sahani moja, kimekatwa vipande vya pembetatu, bila kusema kipi ni cha nani. Katika ukoo wetu, ukila sahani moja na mposaji mbele za watu, umeshajibu. Nilitaka kuomba sahani ya pili lakini (rejea namba 3) mdomo ulikuwa umejaa. Kipande cha mwisho alinisogezea mimi. Nikakila. Faidha ni shahidi.

4(b). Hili nilisahau. Tulipoketi kijana alinisalimia "Shikamoo mjomba" kabla hajawa na haki ya kuniita mjomba, na mimi kwa mazoea nikaitika marahaba. Mkahawa wako hauna tangazo lolote ukutani linalozuia jambo hili.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ukifute kimanda hicho kwenye menyu, au ukiache kwenye menyu na ukiondoe jikoni, kama ulivyofanya kwa vingine. Pia uniandikie cheti chenye mhuri kwamba Jumamosi ile chakula hicho hakikuwepo na nilichokula ni kitu kingine. Awadhi ahamishiwe kwenye wali. Siku saba zikipita nitalipeleka suala hili kwa ofisa biashara, kisha kwa Baba Askofu, na ikibidi nitawaandikia Wahispania wenyewe niwaulize kama walijua chakula chao kitatumika kuchukulia watoto wa watu huku Newala.

Utasema, mzee, binti amekua, mwache aolewe. Najua. Anampenda, siku akijua Vitalis anakuja, anashona kola mpaka anazifumua mara mbili. Lakini nasema wazi, kwa kuwa kwenye barua hunioni uso: naogopa. Naogopa nyumba kuwa kimya na redio kukosa wa kubishana naye. Paulina aliniachia mtoto mmoja, nami nimemtoa kwa vipande vitano vya kimanda.

Nisalimie wote hapo mkahawani, Faidha, na wale wa meza ya dirishani walionisogezea chumvi. Awadhi naye msalimie, lakini si sana.

Ni mimi mteja wako, niliyeshiba kwa hasara,
Anselmo Alfredi

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nne ndani ya Biblia yangu kwa kukosa mtu wa kushuka Masasi. Katika siku hizo Vitalis amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alitengeneza mashine ya kupulizia, haizimiki tena. Mara ya pili alikuja na kamba na vigingi, akaniomba kiwanja nyuma ya mikorosho yangu ajenge nyumba na karakana, akisema pikipiki huku nako zinaharibika, na kwamba mjomba wake alimwambia asimwache mzee peke yake. Nikajibu nitafikiria. Kisha nikawaambia yeye na Veridiana wabebe cherehani mpaka kwenye kigingi cha mwisho, binti ashone, mimi nikakaa barazani nikasikiliza. Inasikika.

Basi usifute kitu. Jumapili tunakuja watatu. Tuandalie vimanda viwili, sahani moja. Barua hii anakuletea Vitalis mwenyewe. Hajui kilichomo, usimsomee. Na tafadhali mwambie Awadhi asifanye haraka, bado hatujamaliza kuongea.