Mtandao Mpya wa Famasi Zetu za Arua na Koboko

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wilaya, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji na Mheshimiwa Makamu wake, wachungaji na masheikh, wakulima mliotembea kutoka Lobule, wateja wetu wapendwa wa Kongo na Sudan Kusini, na wote ambao vyeo vyao vimenitoka lakini heshima yao haijanitoka: mimi, Nasur, Mkurugenzi wa Teknolojia wa Famasi za Mpakani, ninasimama mbele ya duka letu la Koboko kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu. (Makofi ya wafanyakazi.)

Miezi kumi na minane iliyopita iliundwa Kamati ya Uteuzi, chini ya uenyekiti wangu, ili kuchagua mtandao unaoongozwa na programu, yaani mtandao ambao mtu mmoja aliyeketi Arua mbele ya kompyuta moja anaelekeza mawasiliano ya maduka yote bila kumtuma fundi akaguse waya, na Koboko ikajua papo hapo ni dawa gani ipo Arua. Kamati ilichambua mifumo mitatu kwa vigezo sitini na vinne, vikiwemo usalama, kasi na rangi ya dashibodi kwenye skrini, na ninakiri bila kujisifu kwamba asilimia tisini na mbili ya hoja nzito zilitoka kwangu. (Kicheko nyuma. Mwanamke anasimama.)

Naam, mama. Jitambulishe.

(“Mimi Marcelline, natoka Ariwara, upande wa Kongo. Mama yangu iko na sukari. Juzi mlinituma Arua, nikafika, insulini hakuna. Leo nimerudi hapa, hapa pia hakuna. Ile alidunga jana ilikuwa ya mwisho. Sasa niende wapi?”)

Swali zuri sana, mama Marcelline, na linaangukia kigezo cha thelathini na saba, upatikanaji wa taarifa, ambacho kamati ilikipa uzito wa pekee, kwa hiyo safari yako ya bure ya juzi ni ushahidi wa kitaalamu kwamba hatukukosea kuanza utafiti. (Minong'ono. Night Poni, mtunza stoo wa Koboko, anatoa simu yake. “Samahani mzee, napiga kwanza.” Anaweka sauti ya juu. “Yangi, huko Arua insulini iko?” “Imeingia asubuhi. Iko mbili.” “Weka zote ndani ya boksi ya barafu, tuma na gari ya saa tano. Mama iko hapa anangoja.” “Natuma.” Marcelline anaketi, anajifuta macho kwa kitenge. Makofi marefu.)

Asanteni, ketini. Mabibi na mabwana, mmejionea wenyewe: Koboko imeuliza, Arua imejibu, mgonjwa amehudumiwa, na yote hayo kabla hotuba haijafika nusu. Huo ndio uongozi. (Poni: “Mzee, hiyo ni simu yangu.”) Na kampuni inakupongeza, Poni, kwa kuwa mdau.

Semeni nami: Mtandao mmoja! (Watu wanatazama barabara ya Arua.) Dawa kwa wakati! (Marcelline, peke yake: “Kwa wakati.”)

Namalizia kwa kuishukuru kampuni iliyoshinda zabuni, ambayo jina lake litatangazwa ikishapatikana. Fundi aliyefunga mitambo, ambaye ataajiriwa mitambo ikishanunuliwa. Na wajumbe wangu wa kamati, wanaokutana leo baada ya chakula kuamua kama maduka yetu yanahitaji mtandao. Uzinduzi umekamilika.