Fumbo la Gazeti, Kuku Mwekundu na Mama Mkwe

Leo nimejivunjia heshima, tena mchana kweupe, tena nimevaa tai. Nawaandikia ninyi wenzangu wa Kitwe kabla Eliya hajawaandikia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnanijua. Nilivuka pale Tunduma kwenda migodini bila viatu. Nikarudi kwa njia ile ile na baiskeli, saa ya mkononi, na diploma ya ukarani niliyoisoma kwa posta mpaka macho yakauma. Hapa Vwawa hakuna mwingine mwenye diploma. (Nimeulizia.) Nimeitia kwenye fremu ya kioo, na nikienda kuposa naifunga nyuma ya baiskeli.

Ninaposa Nanyala, kwa Rahabu, binti wa mkulima wa kahawa. Leo ilikuwa Jumapili ya tano, siku ya kupewa jibu. Mshenga wangu ni huyo Eliya, binamu yangu. Njia nzima alinikumbusha jambo moja tu: nisimtazame mama yake Rahabu, nisimsemeshe, na nikimwona mbele yangu niingie kwenye mahindi mpaka apite. Nikamjibu kwamba mila ya kumkwepa mama mkwe naijua, sihitaji kufundishwa na mtu aliyeishia darasa la nne.

Sasa, Jumapili zote nne zilizopita nilikuwa namfundisha Baba Rahabu sataranji, ule mchezo wa ubao wenye wafalme na askari, tuliofundishwa na karani wa stoo. Tulicheza uani. Nilieleza kila kitu kwa sauti ya kutosha. (Mtu mwenye diploma hanong'oni.) Mama Rahabu alikuwa jikoni, nyuma ya uzio wa matete, haonekani, kama inavyotakiwa. Na Jumapili ya kwanza nilimwonyesha mzee kile kipande cha gazeti mnachokijua, chenye fumbo: weupe waanze, weupe washinde. Nikamsomea mraba wa kila kipande, nikamwambia nalifumbua jicho moja likiwa limefumbwa. Kusema kweli sikuwahi hata kulipanga ubaoni. Nililiona jepesi mno kwa mtu wa kiwango changu.

Leo tumepewa viti, Eliya anasafisha koo aanze maneno ya posa, mzee akamzuia kwa mkono. Akaenda ndani, akarudi na ubao.

"Mwanangu," akaniambia, "wiki zote hizi unanisifia fumbo lako. Lifumbue nione. Nikishajua kama ukisema jambo unalimaliza, tutazungumza habari za Rahabu."

Eliya akanitazama. Mimi nikakaza tai.

Nikatoa gazeti, nikapanga ubaoni vipande vyake vitatu tu. Mfalme mweupe. Askari wake mmoja, amebakiza hatua moja kufika mwisho wa ubao. Na mfalme mweusi, peke yake, amebanwa ukingoni. Askari akifika mwisho hugeuzwa kuwa kipande kikubwa unachokitaka, farasi, ngome au kingine, na kikubwa kupita vyote ni malkia. Nani asingemchukua malkia? Nikamsukuma askari, nikamtoa, nikamsimamisha malkia mahali pake kwa kishindo. Nikaegemea kiti, nikakunja nne.

Mzee akainama. Akamgusa mfalme wake mweusi, akamwachia. Akamgusa tena.

"Aende wapi?" akauliza.

"Hana pa kwenda, mzee. Ndiyo maana ya kushindwa."

"Lakini hapo alipo, amepigwa?"

Nikatazama. Hakuwa amepigwa. Malkia wangu alikuwa ameziba kila upenyo pembeni yake, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyemgusa.

"Wewe ulinifundisha Jumapili ya pili," mzee akasema taratibu, "kwamba mfalme asiyepigwa na hana pa kwenda, mchezo ni sare. Hakuna aliyeshinda."

Ni kweli nilimfundisha. Kwa sauti kubwa. Jasho likaanza kushuka ndani ya kola. Nikamrudisha askari, nikatazama ubao, nikatazama gazeti, nikalipindua gazeti. (Upande wa pili kulikuwa na tangazo la sabuni.) Dakika zikapita. Mzee akachukua kofia yake na kuanza kuipangusa vumbi, na wote tunajua mwenyeji akishika kofia maana yake mgeni aage. Nilimwona Rahabu akinitoroka kwa sababu ya mraba mmoja.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya matete. Haikunisemesha mimi. Ilikuwa inasema na kuku.

"Wewe kuku mwekundu, unaona watu wanavyokufukuza vibaya? Wanaziba kila mahali, basi unaganda chini ya ghala, hutoki na hushikwi. Mimi nakuachia nafasi moja, ile ya pembeni. Ukiingia tu, nimekukamata." Kisha ikaongeza: "Ningekuwa mimi, kuku, malkia wa nini? Ngome inatosha."

Eliya akafunga macho. Mzee akaacha kupangusa kofia.

Nikamsukuma askari tena. Safari hii nikasimamisha ngome, ambayo haipigi mshazari kama malkia. Mfalme mweusi akabaki na hatua moja tu, ya kusogea ukingoni. Mzee akamsogeza. Ngome yangu ikahamia pembe ya ubao, ikampiga kutoka nyuma. Huku hapiti, kule hapiti, na safari hii amepigwa kweli. Kwisha.

Jamani, mwaka mzima nimetembea na fumbo lile mfukoni!

Ndipo nilipojimaliza. Niliruka kutoka kitini, nikazunguka uzio wa matete, nikaingia jikoni. Mama Rahabu alikuwa amepiga magoti, na mbele yake ungo umechorwa miraba kwa mkaa. Juu yake punje mbili za mahindi na moja ya kahawa, zimekaa vile vile kama ubaoni kwetu. Mama huyo hajawahi kukaa mbele ya ubao wala kushika kipande. Ameujenga mchezo mzima kwa kunisikiliza nikijisifu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikautikisa kama wazungu wa migodini, nikimtazama usoni, nikamwambia, "Mama, una akili wewe!"

Akajifunika kanga kichwa kizima. Ungo ukaanguka. Kuku akapita katikati ya miguu yangu. Nyuma yangu Rahabu alikuwa ameshika mlango, anacheka mpaka amekaa chini.

Mzee hakucheka. Alisema nimemvunjia heshima mkewe, kwamba nitaleta mbuzi, na kabla ya mbuzi huyo nisikanyage ua wake. Nikafunga diploma yangu kwenye baiskeli kichwa chini.

Tulipofika barabarani nikamwambia Eliya basi, nimemkosa Rahabu. Eliya akasimamisha baiskeli.

"Msomi," akasema, "mgeni akimshika mkono mama wa watu, anafukuzwa kwa fimbo. Anayetozwa mbuzi ni mkwe."

Nikasimama katikati ya barabara na tai yangu.

Msinicheke. Ila mkiwa na magazeti mengine yenye mafumbo, nitumieni upesi. Wakati naondoka, mama mkwe alimwagiza yule kuku aniambie nije nayo pamoja na mbuzi.